Kaunta buku za Mwenyekiti: maneno niliyosema siku ya kumuaga

Mwadilaa wazee wangu!

Haya, nasikia mnavyocheka huko nyuma. Miaka kumi na tatu nimekaa hapa mwaloni na salamu yangu ya Kisukuma bado inatoka na Upare ndani yake, mnisamehe. Shikamooni wazee, vijana hamjambo, na nyie akina mama wa vichanjani mlioacha dagaa juani mkaja hapa, nawaona, najua roho zenu ziko kule mnaangalia mawingu, ntajitahidi nisiwacheleweshe. MC kanipa dakika kumi. Kila aliyesimama hapa kaanza na itifaki, mimi nasema imezingatiwa tuendelee.

Nimeambiwa nimzungumzie Mwenyekiti. Sasa mwenyekiti mpya yupo, dada yetu yule pale, kwahiyo kiutaratibu huyu mzee ni mwenyekiti mstaafu, ila mdomo wangu haujazoea na nyie pia hamjazoea, leo asubuhi nimemwambia kijana wa bodaboda nipeleke kwa mwenyekiti, hajauliza yupi, kanileta moja kwa moja mpaka kwenye huu mwembe. Dada utuvumilie mwaka huu. Labda na mwakani.

Mimi nilifika hapa 2008, mtendaji wa kijiji mpya kabisa, miaka 25, barua ya ajira kwenye bahasha ya kaki, tranka moja na godoro. Kwetu Upareni maji makubwa niliyokuwa nayajua ni bwawa la Nyumba ya Mungu, basi nilivyofika Kigongo nikaona lile Ziwa Victoria, nikaambiwa haya maji tunayavuka kwa pantoni kwenda Busisi, nikamuuliza konda kama hakuna njia nyingine. Akaniambia ipo, zunguka Geita. Nikavuka nimefumba macho. Kutoka Sengerema kuja huku nikapanda fuso la kubebea dagaa, nimekaa mbele na dereva lakini nilinuka wiki nzima.

Namkuta huyu mzee kakaa kwenye benchi chini ya mwembe huu huu, na nyundo mkononi, maana kazi yake ni fundi wa kukalafati mitumbwi, wengi mnajua ila watoto wenu hawajui. Ananiziba mdomo kwanza na chai. Halafu kasoma barua yangu yote, mpaka pale chini kwenye nakala kwa nani na nani. Alivyomaliza akatoa kaunta buku, akaandika jina langu, tarehe, saa, halafu akanyoosha shingo akaangalia mizigo yangu akaandika: tranka moja, godoro moja, ndoo moja. Moyoni nikasema huyu ni mwenyekiti au mlinzi wa gesti?

Akaniambia, Mtendaji, hapa ukifika unaandikwa, ukiondoka unaandikwa.

Nilidhani ni tabia tu ya uzee, japo wakati ule alikuwa na miaka hamsini na kitu.

Kabla sijasahau, hili jina la Meya mnalomwita mzee. Kuna vijana hapa wanadhani ni jina lake kweli. Walioanzisha ni wafanyabiashara wa dagaa waliokuwa wanapeleka mzigo soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, siku moja wakakuta mjini kuna shughuli, wakamuona meya wa jiji kavaa joho na mkufu shingoni mkubwa kama wa nanga, watu wanasimama akipita. Wakarudi hapa wakamkuta mzee na kaptula yake ana lami mpaka kwenye magoti, wakasema na sisi tuna wetu, Meya wa Mwaloni. Yeye alikuwa anakasirika kweli kweli, anasema meya yuko jijini, yuko Ilemela kwenye manispaa, anachaguliwa na madiwani wenzake, mimi nimechaguliwa na nyie wenyewe mmesimama juani, msinishushe cheo. Akisema msinishushe ndo watu wanazidi kumwita Meya.

Na alichaguliwa kweli. 1994, uchaguzi wa kwanza wa serikali za mitaa baada ya vyama vingi kurudi, halafu 1999, 2004, 2009, 2014, 2019. Mara sita. Habari ya vyama leo sitaki, mnajua wenyewe mlivyokuwa mnatukanana halafu mnakwenda kumpigia kura mtu yule yule.

Sasa nizungumzie mapato na matumizi, na wale wanaosinzia wasinzie tu lakini mimi hii ndo kazi yangu na hapa ndo nilipoanza kumuelewa. Sheria inasema mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu, kila mwenye miaka 18 ana haki ya kuja, na pale wananchi wasomewe hela imeingia ngapi imetoka ngapi. Mnajua na najua vijiji vingapi vinakaa mwaka mzima na nusu bila kusomewa, mpaka wananchi wanafunga ofisi kwa kufuli lao. Huyu mzee alikuwa anasoma mwenyewe, hakuniachia, anavaa miwani yenye mkono mmoja, upande wa pili kafunga uzi wa nyavu, anaanza: kiberiti, shilingi mia. Watu wanaguna. Betri za tochi za sungusungu, jozi mbili. Soda ya bwana afya, moja. Yaani anasoma masaa mawili, watoto wanalia, jua linahama, na yeye hata shilingi hairuki. Mwanzoni nilikuwa nasikia aibu, nikamwambia Mwenyekiti tungesoma jumla tu kwa mafungu, ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Akaniambia jumla ndo mahali pa kujificha.

Miaka thelathini, mara nne kwa mwaka, ni mikutano 120. Mwezi uliopita nilikuja kumsaidia mwenyekiti mpya kupokea vitabu, nikahesabu muhtasari mmoja mmoja, nikakuta 114. Ile sita iliyokosekana kaandika sababu. Kipindupindu. Msiba. Akidi haikutimia. Na mmoja kaandika tu, "mvua, na mimi nilikuwa na hasira." Ukweli mtupu huo, sijawahi kuona kwenye ofisi nyingine yoyote.

Nilimuuliza hii habari ya kuandika andika imetoka wapi, mtu wa darasa la saba, fundi mitumbwi. Hakunijibu mwaka ule. Alikuja kunijibu siku nyingine kabisa, tunamsubiri mtu wa maji, akanihadithia kuhusu Mei 1996.

Wazee mnaikumbuka. Tarehe 21, MV Bukoba inatoka Bukoba inakuja Mwanza, asubuhi inazama hapo karibu kabisa na kufika, wakafa watu zaidi ya mia nane. Kijiji hiki kilikuwa na watu wawili huko ng'ambo kwenye biashara ya ndizi, na ilisemekana wanarudi na meli hiyo. Mwenyekiti ana miaka miwili kwenye kiti, akaambiwa na familia nenda. Akaenda mjini. Anasema alikaa siku tano anapanga foleni kwenye miili, na kila anakouliza anaulizwa yeye: una uhakika alipanda? Kwa sababu wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, wale wa daraja la tatu hawakuandikwa popote. Na hawa wa kwetu wangepanda daraja gani jamani, la tatu. Una uhakika alipanda, mzee? Hana uhakika. Hakuna karatasi duniani inayosema huyu mtu alikuwemo. Mmoja walimpata wakamzika. Mwingine mpaka leo yuko kwenye kaunta buku namba mbili, jina, jina la baba, kitongoji, halafu mstari mtupu. Nimeuona kwa macho yangu. Hajaujaza na hajaufuta.

Alivyorudi akaitisha mkutano, kuanzia siku ile hakuna mtumbwi wa abiria kung'oa nanga hapa bila majina. Wenye mitumbwi walimtukana sana. Wanasema anachelewesha, wanasema mzigo unaoza, kuna mmoja alimwambia unaandika kama malaika wa kaburini. Akaweka kijana aliyemaliza la saba akae pale kwenye jiwe la kupandia na kalamu imefungwa kamba. Miaka ikapita, vijana walibadilika kama kumi hivi, baadhi yenu mko hapa leo na familia zenu, lakini kalamu haikuondoka kwenye lile jiwe.

Nilishuhudia faida yake mara moja tu na inatosha. Septemba 20, 2018, Alhamisi, redio inasema MV Nyerere imepinduka kule Ukara, karibu na gati la Bwisya, imetoka Bugolora siku ya gulio, kivuko cha watu 101 na mizigo, na waliokufa mnajua walifika 228. Sisi tuko mbali na kule, hatukuweza kwenda kuokoa mtu. Nilimkuta Mwenyekiti jioni ile kafungua kitabu cha jiwe la kupandia anapitisha kidole, nani katoka hapa wiki hii kwenda Ukerewe. Watatu. Akaomba simu yangu maana yake haikuwa na salio. Wa kwanza kapokea. Wa pili kapokea, yuko shambani anashangaa kwanini mwenyekiti anampigia. Wa tatu, mama mmoja, simu haipatikani. Tulikaa pale, yeye na mimi na mume wa yule mama, mpaka usiku, mpaka asubuhi, hatukuongea cha maana, mzee anapiga kila nusu saa anaandika saa aliyopiga. Saa nne asubuhi yule mama akapokea. Yuko Nansio, simu iliisha chaji, aliiacha dukani ichajiwe. Mwenyekiti akamgombeza! Yaani badala ya kushukuru Mungu anamgombeza mke wa mtu kwenye simu, halafu akanirudishia simu, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kidogo.

Yule mama yupo hapa, kanyanyua mkono. Wabeja mama.

(Hapa watu walipiga makofi na vigelegele, MC akanionyesha saa. Nikamwambia dakika za makofi zisihesabiwe.)

Ntasema na lile la bibi, nilikuwa nasita, lakini mjukuu wake kaniambia asubuhi lisemwe.

Mnajua ukanda wetu huu ulivyokuwa, na tusijidanganye kuwa yameisha yote. Mtoto akifa nyumba moja, mtu anakwenda kwa mpiga ramli, mpiga ramli anasema ni bibi mwenye macho mekundu, na baada ya wiki unasikia bibi kakatwa mapanga usiku. Mwaka 2010 alikuwepo bibi mmoja hapa, mjane, amekuja toka Kwimba miaka mingi, kazi yake kubanika samaki. Jirani akafiwa na mtoto. Baada ya siku chache bibi akakuta karatasi chini ya mlango, hajui kusoma, akamletea Mwenyekiti amsomee. Imeandikwa uhame kabla ya wiki.

Mimi nikafanya nilichofundishwa, nikaandika taarifa kwenda juu, nikapiga simu polisi, nikasubiri. Mwenyekiti hakunikataza, akasema andika, andika vizuri. Halafu jioni namuona anapita na bao lake kwapani, lile bao la mti mzito, na karabai mkono wa pili. Anakwenda kwa bibi. Nikamfuata, nikamwambia Mwenyekiti unakwenda kufanya nini, usiku watu wanaweza kuja na mapanga. Akasema nakwenda kucheza bao.

Akakaa uani kwa bibi. Usiku wa kwanza peke yake na sungusungu wawili, wanacheza. Usiku wa pili wakaja wazee wawili kwa sababu hapa hakuna mzee anayeweza kusikia kete zinalia akalala. Usiku wa tatu kuna benchi. Wa nne kuna mama kaleta kahawa anauza. Ndani ya wiki mbili ule uwa ulikuwa ndo kijiwe kikubwa kuliko hata cha sokoni, mwanga mpaka saa saba usiku, watu wanabishana, wanashangilia, na bibi kakaa katikati kwenye kigoda anawacheka wanavyokosea. Nani atakuja pale na panga? Na baba wa yule mtoto marehemu, hili ndo siwezi kulisahau, usiku mmoja alikuja akasimama pembeni. Kimya kikapita. Mzee akasogea kwenye benchi, akamwambia kaa hapa, unicheki huyu ananiibia kete. Akakaa.

Kesho yake asubuhi mzee kachukua tindo akaenda kutoboa ukuta wa jiko la bibi, akatoa matofali manne. Lilikuwa jiko halina hata tundu! Moshi wa samaki miaka arobaini, anatoka mle machozi yanamtiririka, macho yatakuwaje meupe? Kwenye mkutano mkuu uliofuata hakuhubiri, alisimama akasema atakayetaka kujua uchawi wa macho mekundu aingie kwenye lile jiko la bibi la kubanikia akae saa moja, nitamlipa. Hakuna aliyekwenda. Bibi alikuja kufa 2016, kwa homa, kitandani kwake.

Taarifa yangu ya kwenda juu ilijibiwa. Baada ya miezi miwili.

Msione namsifia tu. Ana makosa na mengine ni makubwa, na moja kaniomba mwenyewe niliseme. Lile jiwe kubwa pale chini karibu na mialo ya dagaa, lenye mstari wa rangi nyeupe, watoto wanadhani ni goli. Ule mstari aliuchora yeye baada ya mvua za El Niño, 1998, maji yalipofika. Baba yake alimwambia maji ya miaka ya sitini, baada ya Uhuru, yalikwenda juu zaidi ya pale. Akasema mtu asijenge chini ya mstari. Sawa. Ikaja 2005, 2006, ziwa likarudi nyuma mkashangaa, mnakumbuka, mitumbwi inavutwa kwenye tope, kukawa na eneo zuri la mchanga bure kabisa. Akina mama wa dagaa wakamwendea wakilia, wanataka pa kuanikia, pa kuweka mabanda, yeye kwanza akakataa, wakarudi na watoto mgongoni, akalegea. Akaruhusu mabanda. Mabanda yakawa vyumba. Vyumba vikawa na mabati na vyoo. Mimi nilikuwepo na niligonga muhuri kwenye baadhi ya zile karatasi, kwahiyo na mimi nimo.

2020 maji yakaja. Yakafika kwenye mstari mwezi wa tatu, yakapita, mwezi wa tano jiwe lote linabaki kichwa, yakagusa kule kule alikosema baba yake. Tukahamisha kaya 61 na vyoo vikafurika watoto wakaharisha. Hakuna aliyekufa kwa maji lakini watu walipoteza kila kitu. Nikafungua kitabu cha mwezi ule nikijua ntakuta sababu, tabianchi, mvua, Mungu. Kaandika: "Nilijua. Niliruhusu. Kosa ni la mwenyekiti." Halafu majina ya kaya zote 61 na kila walichopoteza, mpaka kuku.

Kosa lingine linamhusu Mama aliyekaa pale na kitenge chake kipya. Mama kasema hapa muda si mrefu kwamba mumewe alioa kijiji na yeye alikuwa mpangaji, mkacheka. Mimi sikucheka. Mimi mtendaji nilikuwa na mshahara kila mwisho wa mwezi, mdogo lakini upo. Mwenyekiti wa kijiji hana mshahara, anategemea posho, na posho yenyewe ikija ni kama mvua ya kiangazi. Na anayegongewa mlango usiku wa manane, mume kampiga mke, ng'ombe kaingia shambani, mgonjwa anataka barua ya utambulisho, si mimi, ni yeye. Mitumbwi ya watu iliozea hapa uani haijazibwa kwa sababu fundi yuko kikaoni. Waliolisha hii nyumba ni muhogo wa Mama na michembe ya Mama, vile viazi vitamu vya kukausha. Tunapenda sana kusema mtu kajitolea, kajitolea, ni neno tamu kwa sababu halitoki mfukoni kwetu. Mheshimiwa diwani upo, umesikia, sitaki jibu leo.

Na mdogo wake. Baba mdogo shikamoo, nakuona umekaa mbali kule kwenye kivuli lakini pilau umekula. Kokoro la baba mdogo ndo lilikuwa la kwanza kuandikwa kwenye orodha ya nyavu haramu, na aliyeliandika ni kaka yake wa tumbo moja, likachomwa moto pale ufukweni mchana kweupe. Miaka sita hawakusalimiana. Siwezi kusema nani alikuwa sahihi kwenye mambo ya ndugu. Kokoro lilikuwa haramu, hilo tu ndo la kwangu.

Nimalizie, MC kasimama kabisa sasa.

Leo nimekuja kwa kupita kwenye daraja, hili lililofunguliwa Juni 2025, kama kilomita tatu juu ya maji, dereva kaweka mziki, hata sijamaliza kutafuna karanga tumeshafika Busisi. Nikamwambia simamisha kidogo, akasema haturuhusiwi. Nilitaka kuangalia pale chini ilipokuwa pantoni, maana 2011 mimi na Mwenyekiti tulilala upande wa Kigongo, kwenye banda la mama lishe. Tulikuwa tumetoka mjini kufuatilia faili la zahanati, kwenye ofisi fulani siitaji, siku mbili tunaambiwa mwenye faili katoka, mzee kakaa kwenye benchi lao siku zote mbili na ugali wake wa muhogo kwenye kitambaa, hagombi, hapazi sauti, kila anayepita anamuuliza jina anaandika. Siku ya pili mchana faili likaonekana. Sijui lilitembea vipi. Sahihi ikapatikana na zahanati mnaijua, kuna wajukuu wamezaliwa mle.

Sasa mle mjini stendi mimi nikaibiwa pochi. Sina hata mia. Pantoni ya mwisho tumeikosa, giza, mbu. Mzee akanilipia chai, chapati, na kesho yake nauli mpaka hapa. Akaandika. Nilimuona anaandika kwa mwanga wa kibatari cha mama lishe nikajua anaandika habari za faili.

Mwezi uliopita ndo nimejua. Kitabu namba 23, wino mwekundu: "Mtendaji, chai na nauli, 3,500. Atalipa." Nikacheka peke yangu. Nikafungua namba 24, ukurasa wa kwanza: madeni yaliyohamishwa, Mtendaji, 3,500. Namba 25, hivyo hivyo. Jamani, mpaka namba 47! Kila kitabu kipya kanihamisha. Miaka yote ile tunakaa ofisi moja, tunakula sahani moja, nimehamishwa kikazi 2021 wamenifanyia sherehe hapa hapa mkanipa na mbuzi, na huyu mzee ananidai na hajafungua mdomo. Nilivyomuuliza akasema deni ni la kitabu, si langu, kitabu hakiwezi kukuuliza.

Kwahiyo Mwenyekiti, na wananchi mkiwa mashahidi, hii hapa. Elfu mbili, elfu moja, na mia tano ya sarafu. Hesabu.

Na mimi naomba stakabadhi.

(Mzee alisimama, akahesabu mara mbili, akatoa kitabu cha stakabadhi kwenye koti kama vile alijua. Akaandika. Halafu akapapasa mfuko wa shati, mfuko wa suruali, akakumbuka muhuri alishaukabidhi. Mwenyekiti mpya akafungua mkoba wake akautoa, akagonga, haukushika, kidau kilikuwa kimekauka. Akagonga tena. Watu kimya, tunamuangalia. Mzee akamsogelea, akamshika mkono, akamwambia ulete karibu na mdomo, upulizie pumzi, haa, taratibu, haa, sasa gonga.)